Maiti ya kesi ikifika hospitali ya wilaya: je, madaktari na mochwari zetu wako tayari kwa uchunguzi wa kisheria?

Daktari wa Zamu (mwanzisha mada)

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu wote. Naleta jambo linalowagusa wengi tunaofanya kazi nje ya miji mikubwa, ambalo kwa kawaida halizungumzwi mpaka daktari awe ameshapokea hati ya wito wa mahakama.

Mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa, katika hospitali ya wilaya huku Kanda ya Ziwa, Tanzania. Askari akileta maiti ya mtu aliyekatwa mapanga, aliyekutwa amening'inia kwenye kamba, aliyeopolewa ziwani au aliyefariki ghafla bila kuugua, Mganga Mfawidhi humtazama daktari wa zamu, na daktari wa zamu hana wa kumtazama. Fomu ya polisi huja ikiwa imeshajazwa jina la marehemu, mahali alipokutwa na, mara nyingi, sababu ambayo mpelelezi anadhani ndiyo iliyomuua. Kinachotakiwa kwangu ni sentensi moja na saini, huku gari likinguruma nje na ndugu wakitaka kuwahi kuzika kabla jua halijazama. Wakati mwingine hata hospitali maiti haifiki: tunapakiwa kwenye gari la polisi, tunamkagua marehemu chini ya mwembe mbele ya wanakijiji, naye anazikwa siku hiyo hiyo.

Chuoni tulisoma patholojia, yaani elimu ya namna ugonjwa unavyouathiri mwili, na wala sisemi kwamba hatukufundishwa. Lakini upasuaji wa maiti tuliuona kutoka safu ya nyuma, na maiti zenyewe zilikuwa za wagonjwa waliofia wodini, kwa hiyo maswali ya pale yalikuwa ya ugonjwa: uvimbe ulianzia wapi, ini lilikuwa na hali gani, mapafu yalikuwa na kifua kikuu au la. Polisi hawaulizi hayo. Wanauliza jeraha limesababishwa na kitu cha namna gani, lilipatikana mtu akiwa hai au ameshakufa, amekufa tangu lini, na kama kamba iliyokutwa shingoni ndiyo iliyomuua au alitundikwa akiwa maiti tayari. Kwa maswali hayo sikuwahi kusimamiwa na mtu yeyote anayeyajua.

Kuhusu mazingira, mochwari yetu ni chumba kimoja chenye jokofu dogo, meza ya saruji ambayo maji hayatoki vizuri, bomba linalotoa maji asubuhi tu, na taa moja ya dari inayomfanya mtu afanye kazi kwenye kivuli chake mwenyewe. Msumeno ni wa mkono na si wa hospitali, tunauazima kwa fundi wa matengenezo. Mizani ya kupimia viungo hakuna, eksirei haiwezi kuletwa mochwari, na kamera ni simu yangu. Formalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili, ipo. Chupa maalumu za sampuli za sumu sijawahi kuziona hapa.

Maswali yangu ni haya. Je, daktari asiye bingwa anaweza kusema kwamba kazi hii inamzidi na kuomba maiti ipelekwe hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, au kwingine kwenye bingwa? Ikiwa hilo haliwezekani, ni kitu gani cha chini kabisa ambacho nikikifanya vizuri sitakuwa nimemdhulumu marehemu wala mshtakiwa? Na ninyi huandika nini mnapomaliza kufungua kila mahali na msione kilichomuua mtu?

Mzee wa Patholojia

Marahaba, kijana wangu. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalowaponza wengi.

Kufungua kichwa, kifua na tumbo na usione sababu ya kifo si kushindwa kazi. Kifafa, mapigo ya moyo yaliyovurugika na baadhi ya sumu humwondoa mtu bila kuacha alama inayoonekana kwa macho, na hata vituo vyenye maabara kamili hubaki na maiti kadhaa ambazo sababu yake haikujulikana. Andika kwamba sababu haijabainika, taja viungo ulivyovikagua na kuvikuta vizima, kisha taja sampuli ulizochukua na kwamba majibu yake yanasubiriwa. Kinachoidhalilisha taarifa ni ile sentensi tunayokutana nayo kila wiki, kwamba marehemu amekufa kwa "moyo na upumuaji kusimama". Hakuna maiti iliyowahi kulala mezani moyo wake ukiwa unapiga, kwa hiyo hakimu atakuwa hajaambiwa kitu.

Sasa nije kwenye kile cha chini kabisa. Naona tumezoea mno kuhesabu vifaa tusivyo navyo. Msumeno wa umeme ni mzuri, ingawa hurusha vumbi la mfupa, na ukiutumia kwa maiti yenye kifua kikuu katika chumba kisicho na madirisha utajihatarisha bure. Msumeno wa mkono ukiwa mkali hufungua fuvu lile lile. Ushahidi mwingi unaopotea katika hospitali zetu hupotea kabla kisu hakijagusa ngozi, kwa sababu maiti imevuliwa nguo, imeoshwa, na wakati mwingine imeshadungwa dawa ya kuihifadhi, ndipo daktari anaitwa.

Anza na nguo zikiwa bado mwilini. Linganisha tundu la shati na jeraha lililo chini yake, kisha zivue bila kuzikata mahali penye tundu, zianike kivulini zikauke na uzitie kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hufungia unyevu, damu ikaoza na vinasaba vikaharibika. Piga picha ya mwili mzima, kisha ya kila jeraha ukiwa umeweka rula pembeni, ile ya shule inatosha. Jeraha lipime urefu na upana, na liandikie mahali lilipo kwa sentimita kutoka kwenye mstari wa katikati ya mwili na kutoka kisiginoni. "Jeraha kubwa kichwani" si maelezo ya daktari. Jirani yeyote aliyechungulia angeweza kuyatoa.

Geuza maiti. Narudia kwa sababu wengi hawaigeuzi. Baada ya kufa damu hutuama upande ulio chini na kuacha wekundu uliokoza, ambao baada ya saa kadhaa haubadiliki tena hata mwili ukihamishwa. Mtu aliyebaki amening'inia kwa saa nyingi hutegemewa kuwa na wekundu huo miguuni na mikononi. Ukiukuta mgongoni na kwenye makalio, basi alilala chali kwa muda mrefu baada ya kufa, na mpelelezi anapaswa kujua hilo siku hiyo hiyo. Ugunduzi huu hauhitaji umeme wala bajeti. Kuhusu saa ya kifo, usijifunge. Majedwali ya vitabuni yametoka nchi za baridi, ilhali kwetu joto la hewa la mchana halitofautiani sana na joto la mwili, kwa hiyo maiti haipoi kama kitabu kinavyosema, na ukakamavu wa viungo huja upesi na kuondoka upesi. Toa kadirio pana na useme kwamba ni kadirio.

Ukifungua, fungua yote matatu: kichwa, kifua na tumbo. Kumpasua tumbo mtu aliyepigwa kichwani na kumfunga bila kuona ubongo ni sawa na kutompasua. Ikiwa kuna shaka ya kunyongwa au kukabwa, shingo iachie mwisho, baada ya kutoa ubongo na viungo vya kifua ili damu iliyomo shingoni itiririke, kisha uifungue tabaka kwa tabaka. Prinsloo na Gordon wa Afrika Kusini walieleza mwaka 1951 kwamba ukikata shingo ikiwa imejaa damu, damu huvujia kwenye misuli wakati unakata, nawe ukadhani ni michubuko ya kukabwa. Kuna watu wanaoweza kuozea gerezani kwa michubuko iliyotengenezwa na kisu cha daktari.

Upande wa sumu, kosa kubwa ni formalini. Kipande unachotaka kitazamwe kwa hadubini kiweke kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo wake ukiwa angalau mara kumi ya kipande. Lakini sampuli ya sumu usiitie formalini kabisa. Chukua damu kutoka mshipa wa paja, usichote kwenye moyo, kwa sababu baada ya kifo dawa na sumu huhama kutoka kwenye ini na mapafu na kuipandisha damu ya moyo kiwango kisicho chake. Chupa yenye kifuniko cha kijivu ya kupimia sukari, ambayo maabara yako inayo, ina floraidi inayozuia damu kuchachuka na kutengeneza pombe ambayo marehemu hakuinywa. Ongeza mkojo, kipande cha ini, vilivyomo tumboni, na maji ya ndani ya jicho yanayovutwa taratibu kwa sindano kutoka pembe ya nje ya jicho. Maji hayo hukaa bila kuoza muda mrefu kuliko damu, na yamekuwa msaada mkubwa kwangu kwa maiti zilizochelewa kufika. Kila chupa iandikwe jina, tarehe na saini, ifungwe kwa lakiri na kukabidhiwa askari kwa maandishi. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mwanza, kwa hiyo kwenu si safari ya Dar es Salaam.

Wakili wa Mashtaka

Nawashukuru madaktari. Nitasema kile ninachokiona taarifa zenu zinapofika mezani kwangu.

Kuhusu kukataa, sheria ya mwaka 1980 ya uchunguzi wa vifo inavikabidhi vifo vyenye utata kwa korona, yaani msimamizi wa uchunguzi wa kisheria wa vifo, ambaye huku Tanzania Bara kwa kawaida ni hakimu, na daktari anayeagizwa kuchunguza haombwi hisani. Hata hivyo, kukataa ni jambo moja, na kueleza kwa maandishi kwamba kituo hakina uwezo ni jambo lingine. Andika barua fupi kwa Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya na nakala kwa Mganga Mfawidhi, ukitaja kinachokosekana na kwa nini kinahitajika katika kifo hiki hasa. Barua yenye sababu hujibiwa, na hata isipojibiwa itakuwepo kwenye jalada siku wakili wa utetezi atakapokuuliza kwa nini hukufanya hiki na kile.

Wengi wanadhani taarifa ya uchunguzi inatakiwa tu kuthibitisha kwamba mtu amekufa. Kifo tunaweza kukithibitisha hata kwa mashahidi waliomzika. Panapokuwa na mzozo katika kesi ya mauaji ni kwenye dhamira ya kuua, na Mahakama ya Rufani kwa miaka mingi imekuwa ikiipima dhamira hiyo kwa kuangalia aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo na aina ya majeraha, pamoja na maneno na mwenendo wa mshtakiwa kabla na baada ya tukio. Hebu yatazameni mambo matano ya kwanza. Anayeweza kuyasema kwa uhakika ni daktari peke yake, na akiandika "alitokwa damu nyingi kutokana na jeraha la kitu chenye ncha kali" bila kusema majeraha mangapi, wapi na kina gani, ametuachia nusu ya kesi mikononi mwa mashahidi wanaogombana kuhusu kama mbalamwezi ilikuwepo.

Mahojiano ya utetezi nayo huwa mafupi na makali. Daktari, ulifungua fuvu? Hapana. Basi unajuaje kwamba damu haikuvujia kwenye ubongo kwa sababu ya shinikizo la damu, akaanguka na kupata hilo jeraha la nje? Hapo daktari hutazama dari. Sitetei upande wa utetezi, lakini swali hilo ni la haki, na mtu anayekabiliwa na adhabu ya kunyongwa anastahili lijibiwe.

Kuna jambo jingine ambalo madaktari hulichukulia kama usumbufu. Katika kesi zinazosikilizwa Mahakama Kuu, kifungu ambacho kwa miaka mingi tumekizoea kama 291(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinampa mshtakiwa haki ya kutaka daktari aliyeandaa taarifa aitwe, na mahakama inapaswa kumjulisha haki hiyo. Pale asipojulishwa, taarifa zimekuwa zikiondolewa kwenye kumbukumbu za shauri katika rufaa. Kwa hiyo andika ukijua kwamba huenda ukasimama kizimbani miaka kadhaa baadaye, ukiwa umehamia mkoa mwingine na huikumbuki hata sura ya marehemu. Karatasi hiyo ndiyo itakayokukumbusha, pamoja na picha na michoro yako, kama uliiweka mahali.

Daktari wa Pwani

Hamjambo ndugu zetu. Naandika kutoka pwani ya Kenya, ambako fomu yetu ni ile ya polisi namba 23A lakini taabu ni zile zile. Nina heshima kubwa kwa Mzee wa Patholojia, ila kuna mahali tunaachana.

Mzee anamwambia kijana afungue yote matatu. Mimi nasema kuna maiti ambazo daktari asiye bingwa asizifungue kabisa. Uchunguzi wa kwanza ndio wenye maiti kamili. Atakayeitwa baadaye, awe ni bingwa aliyeletwa na familia au jopo lililoagizwa na mahakama, atakuta shingo imeshakatwa, viungo vimechanganywa ndani ya mfuko mmoja na fuvu limepasuliwa kwa msumeno usiofaa, hata asiweze kutofautisha ufa wa msumeno na ufa wa rungu. Kwa maiti ya mtu aliyefia mikononi mwa polisi, ya mtoto, ya mtu aliyepigwa risasi, au inayodhaniwa ilikabwa shingo, daktari wa wilaya akague nje, apige picha, aifunge kwenye mfuko wenye lakiri na aisafirishe.

Mfano upo karibu. Mwezi Juni 2025, mwanablogu Albert Ojwang alipofariki katika Kituo Kikuu cha Polisi jijini Nairobi, maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba alijigonga kichwa ukutani akiwa seli. Wanapatholojia, Dkt. Bernard Midia akiwa msemaji wao, walieleza kwamba kulikuwa na majeraha ya kichwa, dalili za shingo kubanwa na majeraha mengine mwilini, na kwamba mpangilio wake haukuafikiana na mtu kujigonga mwenyewe. Jiulizeni kama maiti ile ingepitia kwanza kwenye meza ya saruji, kwa daktari mmoja anayeharakishwa na dereva wa polisi, nani angeweza kusema hayo kwa uhakika?

Taabu yetu nyingine, ambayo sijaona mkiitaja kwa uzito wake, ni dawa ya kuhifadhi maiti. Makafani (mochwari) mengi huku humdunga marehemu formalini mara anapopokelewa, kwa sababu mazishi ya bara yanaweza kusubiri wiki mbili huku familia ikichanga. Maiti ikishadungwa, pombe haipimiki tena kwa kuaminika na sumu kadhaa huharibika. Kwa Waislamu wa mwambao hali ni kinyume: maiti inatakiwa izikwe upesi, familia inasimama mlangoni na sanda, na daktari anajikuta akifanya haraka au akiacha kabisa. Nimeona mambo yakienda vizuri pale mkubwa wa familia anapoitwa ndani, anapoelezwa kinachofanyika na muda wake, na anapohakikishiwa kwamba mwili utashonwa vizuri na kukabidhiwa kwa ajili ya kuoshwa. Wanaofichwa ndio hukasirika. Maiti ikizikwa bila kuchunguzwa na shaka ikaibuka baadaye, kaburi litafukuliwa kwa amri ya mahakama, na hilo huiumiza familia zaidi.

Kisha ilikuja Shakahola, msitu walikofia wafuasi wa mhubiri aliyedaiwa kuwahimiza wafunge hadi kufa. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi, na uchunguzi ukafanyika Malindi chini ya mwanapatholojia mkuu wa serikali, Dkt. Johansen Oduor. Makafani ya hospitali yalifurika, ikabidi yaletwe makontena yenye majokofu. Wengi walionyesha dalili za njaa, lakini baadhi, wakiwemo watoto, walionyesha dalili za kukosa hewa au za kupigwa, na miili mingine ilikuwa imeoza kiasi kwamba sababu haikuweza kutajwa. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, kwa kuwa ilibidi vinasaba vilinganishwe kwanza. Bunge letu lilikuwa limepitisha sheria ya huduma ya kitaifa ya makorona tangu 2017, lakini msiba ule ulitukuta huduma yenyewe haijaanzishwa. Nasema haya ili tusidhani kwamba uzembe wa daktari mmoja ndio chanzo. Nchi inayowekeza kwa walio hai tu hushangaa siku wafu wanapokuja kwa mamia.

Daktari wa Zamu

Nimewasoma kwa makini. Kwa Daktari wa Pwani: nakubaliana nawe kwa maneno, ila gari la kusafirisha maiti ni la nani? Polisi husema hawana mafuta, hospitali husema fungu hilo halimo kwenye bajeti, na mzigo unaangukia kwa ndugu, ambao huamua kuzika. Na ikibidi maiti isubiri siku tatu kwenye jokofu ambalo umeme wake unakatika, je, kilichobaki si kibaya kuliko uchunguzi wangu mimi nisiye bingwa?

Mhudumu wa Mochwari

Shikamooni madokta. Mimi si msomi kama ninyi, ila kazi hii nimeifanya tangu nikiwa kijana, na naomba niseme kwa heshima.

Madaktari wengi wanaoletwa mochwari hawashiki kisu. Wanasimama mlangoni wakiwa wameziba pua, wananiambia nifungue, nawaonyesha ini, nawaonyesha moyo, wanaandika na kuondoka. Mimi nilifundishwa na mzee aliyenitangulia, naye alifundishwa na aliyemtangulia, na hakuna kati yetu aliyewahi kupewa hata semina ya siku moja. Nikikata mahali pasipopaswa sitajua, na hakuna atakayeniita mahakamani kuniuliza. Anayeitwa ni ninyi.

Mkitaka mwanzo wa kujiandaa, anzeni na mambo ya kawaida. Kila maiti ifungwe kitambulisho mkononi na mguuni tangu inapopokelewa, kwa wino usiofutika, na daftari lisainiwe na aliyeleta na aliyepokea, kwa saa. Tupewe glavu nene, aproni ya mpira, gambuti na chanjo ya homa ya ini B, kwa sababu mbavu iliyovunjika hukata kuliko kisu. Na askari akileta maiti ya kesi, aniandikie kwenye daftari kwamba isioshwe wala isidungwe dawa mpaka daktari afike. Mimi nikiambiwa nitatii. Siku hizi ndugu wakija na pesa ya dawa ya kusafirishia na hakuna maandishi ya kuzuia, mhudumu aliye zamu atakataa kwa sababu gani?

Mzee wa Patholojia

Mhudumu amesema jambo ambalo ningependa waganga wafawidhi wote walisome. Maneno hayo ya daftari ni agizo la mstari mmoja, na Mganga Mfawidhi anaweza kulitoa kesho asubuhi bila kuomba ruhusa ya wizara.

Kwa Daktari wa Pwani, orodha yako ya maiti zisizofunguliwa na asiye bingwa naikubali: aliyefia kizuizini, mtoto, risasi, na shingo inayotiliwa shaka. Ninachokataa ni kuigeuza kuwa sheria isiyo na saa. Maiti iliyookotwa ziwani wakati wa joto, ikiwa imeshaanza kuwa ya kijani chini ya tumbo upande wa kulia, haitamsubiri bingwa aliye mbali, na baada ya siku tatu za umeme wa kubahatisha bingwa huyo atapokea ngozi inayochunika na shingo isiyosomeka. Hapo daktari wa zamu, akiwa amepiga picha zake, akampigia bingwa simu na kuelekezwa hatua kwa hatua, atakuwa ameokoa zaidi kuliko alichoharibu.

Na kwako kijana, ikiwa maiti inasubiri, jokofu liwe karibu na nyuzi 4, na usiigandishe kwa hofu ya kuoza. Ubongo ukiganda hutanuka na unaweza kulipasua fuvu, nawe ukaja kuandika ufa ambao haukuwepo marehemu alipokuwa hai. Maji ya jicho, mkojo na damu ya paja unaweza kuvichukua siku ile ile ya kwanza, kabla ya safari na kabla ya mabishano ya mafuta, mradi barua ya mpelelezi ipo mkononi na umeandika kwenye taarifa kwamba sindano hizo ni zako, zimeingia wapi na saa ngapi, ili bingwa atakayepokea mwili asije akayahesabu matundu yako kuwa majeraha. Hizo chupa zitakaa kwenye jokofu la maabara, penye kufuli, na si kwenye lile la chanjo.